Mihadhara ya Umma Katika Vitivo vya Sheria: Mwananchi Aingie na Swali Gani?

Barua za safari hii zimeelekea upande mmoja. Vyuo vikuu vinavyofundisha sheria hapa Mombasa vimezoea kubandika mabango ya mihadhara, midahalo na mashindano ya mahakama za mfano, na mara nyingi bango humalizikia kwa maneno "Wote mnakaribishwa". Wasomaji wetu wameyachukua maneno hayo kama yalivyo, wamekwenda, na wamerudi na maswali. Nimezifupisha barua bila kugusa maana yake, na nimeondoa majina ya watu na ya vyuo kwa sababu baadhi yake ni za malalamiko.

Mimi ni muuza vitunguu katika soko la Kongowea. Niliona bango la mhadhara wa umma kuhusu haki za mtu anayekamatwa na polisi, nikafunga kibanda mapema nikaenda. Langoni askari aliniomba kitambulisho cha mwanafunzi. Nilipomwambia sina, alinitazama hadi kwenye ndala, akasema shughuli ile ni ya wasomi. Je, nilikuwa na haki ya kuingia? Na shughuli hizi hulipiwa?

Ndugu yangu, chuo kikiwaita watu wote kwa maandishi hakiwezi kuwarudisha langoni kwa sababu si wanafunzi. Lango la chuo lina utaratibu wake wa usalama, na askari ana haki ya kukuomba kitambulisho chako cha taifa, kuandika jina lako kitabuni na kukagua mkoba. Hayo wafanyiwa hata maprofesa wageni. Kitambulisho cha mwanafunzi ni jambo jingine, na kukiomba katika mhadhara wa umma ni kuligeuza tangazo kuwa uongo. Kuhusu ndala, Kifungu cha 27 cha Katiba ya mwaka 2010 kinataja mambo ambayo haifai mtu kubaguliwa kwayo, na miongoni mwa kabila, jinsia, dini na lugha limo pia vazi. Sidhani askari yule alipata kuelezwa hilo, na lawama zangu naziweka kwa waandaaji waliobandika bango mjini kisha wasimweleze mtu wao wa langoni nani anakuja.

Safari nyingine piga picha ya bango kwa simu yako, fika nusu saa kabla, na ukikwama uombe kuitiwa mwandaaji ambaye jina au nambari yake imo chini ya bango. Mhadhara wa umma kwa kawaida haulipiwi. Hata hivyo, si kila shughuli inayofanyika katika kitivo cha sheria ni ya umma. Kongamano la siku mbili au tatu huwa na ada kwa sababu ya chakula na makabrasha. Zipo pia semina za mawakili, ambao hutakiwa kukusanya alama 5 za mafunzo endelevu kila mwaka ili leseni zao zihuishwe, na hizo hulipiwa na hazikusudiwi mimi wala wewe, ingawa bango lake laweza kufanana na la mhadhara. Tazama kama kuna bei na kama kunatajwa alama za mawakili.

Kwa kuwa ulikosa ulichokifuata, nikudokezee kidogo. Kifungu cha 49 kinampa aliyekamatwa haki ya kuelezwa mara moja, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa kwake. Haki ya kunyamaza. Haki ya kuwasiliana na wakili. Na haki ya kufikishwa mahakamani kabla ya kupita saa 24, isipokuwa saa hizo zikiangukia nje ya muda wa kazi wa mahakama au siku ambayo si ya kazi. Mkamatwa wa Ijumaa jioni, basi, mara nyingi huiona mahakama Jumatatu.

Assalaam aleikum. Mimi ni mjane wa Kisauni. Marehemu baba yangu alijenga nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita juu ya ardhi ya mtu mwingine, na miaka yote tumekuwa tukilipa kodi ya kiwanja kwa wakala wa mwenye ardhi. Sasa ardhi imeuzwa na mwenye mpya ametuletea notisi ya kuondoka. Niliposikia kuna mhadhara kuhusu ardhi za Pwani katika chuo kimoja, nilikwenda na bahasha yangu ya stakabadhi. Nilipopewa kipaza sauti nilianza kueleza mambo tangu mwanzo, lakini mwenyekiti alinikatiza akasema pale si ofisi ya wakili. Watu wakacheka. Nimerudi nyumbani na fedheha, na jibu sikupata.

Wa aleikum salaam, mama. Kucheka kwao kulikuwa ni kukosa adabu, na mwenyekiti anayejua kazi yake angeweza kukunyamazisha kwa heshima na kukuelekeza pa kwenda baada ya kikao. Lakini katika kiini cha jambo alikuwa na sababu, nami nitazieleza kwa urefu kwa kuwa barua yako ina wenzake wengi katika mfuko wetu wa posta.

Mzungumzaji wa mhadhara hajaona mkataba wenu, hajasoma notisi, hajamsikia upande wa pili. Akikupa jibu pale pale ukalifuata ukapoteza nyumba, umeumia wewe. Pia kuna jambo ambalo watu wengi hawalifikirii: maneno unayomwambia wakili wako ofisini yanalindwa na sheria, hawezi kulazimishwa kuyatoa, lakini maneno uliyoyasema katika ukumbi wa watu mia mbili hayana ulinzi huo. Ardhi za Pwani zinapojadiliwa, ukumbini huwamo mawakala, madalali, na pengine wakili wa huyo huyo aliyekuletea notisi. Ukisema kwa kipaza sauti kwamba miezi fulani hukulipa, au kwamba stakabadhi za miaka ya mwanzo zimepotea, umempa silaha bure.

Swali linalofaa mhadhara ni lile lililovuliwa majina na tarehe, likabaki suala la sheria lenyewe. Ungeweza kuuliza hivi: "Mtu aliyejenga nyumba kwa ruhusa ya mwenye ardhi, akalipa kodi ya kiwanja kwa miaka mingi, ana haki gani ardhi ile inapouzwa, na notisi anayopewa inatakiwa iwe ya muda gani?" Sentensi moja. Hakuna mwenyekiti atakayeikatiza, na nusu ya ukumbi itakushukuru kimoyomoyo kwa sababu nao wamekuja na jambo hilo hilo.

Jibu ambalo mzungumzaji mzuri angekupa lingeanzia mbali. Sheria ya Kiingereza tuliyorithi inaona kwamba kilichojengwa juu ya ardhi ni sehemu ya ardhi hiyo, hivyo mwenye ardhi ndiye mwenye kila kilichosimama juu yake. Desturi ya Pwani, iliyokaa karibu na fikira za sheria ya Kiislamu, ilitenganisha vitu hivyo viwili: fulani ana ardhi, fulani ana nyumba, na kila mmoja aweza kuuza, kurithisha au kupangisha kilicho chake. Ndiyo asili ya nyumba bila ardhi ambazo zimejaa Majengo, Kisauni na Likoni, na mahakama zetu zimekutana na mpango huu mara nyingi na kuutambua kuwa ni jambo la Pwani. Juu ya hayo kuna historia ya Mwambao wa maili kumi, yaani ule ukanda wa ardhi wa upana wa maili kumi kando ya bahari. Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 iliwataka wenye kudai ardhi katika mwambao huo wapeleke madai yao yaandikishwe, na ardhi ambayo haikudaiwa ikahesabiwa kuwa ya Serikali ya Kikoloni. Waliojua utaratibu wa makaratasi waliandikisha, na wengi ambao hawakujua walijikuta wakaazi juu ya ardhi ya mwenye hati.

Hapo ndipo wasikilizaji husimama na kuuliza juu ya miaka 12. Ni kweli kwamba Sheria ya Ukomo wa Mashauri inamruhusu mtu aliyekalia ardhi ya mwingine waziwazi kwa miaka 12 bila ruhusa aiombe mahakama imtangaze kuwa mmiliki. Neno zito hapo ni "bila ruhusa". Aliyekuwa akilipa kodi ya kiwanja alikuwapo kwa ruhusa, na kadiri anavyokuwa na stakabadhi nyingi ndivyo anavyothibitisha ruhusa hiyo. Nasikitika kuliandika hili kwa sababu najua wapo watu mitaani wanaowachukulia wajane pesa kwa kuwaahidi hati miliki kupitia njia ya miaka 12. Bahasha yako, mama, haikusaidii katika dai hilo. Inakusaidia katika jingine: kuonyesha kwamba nyumba ni mali yenu iliyojengwa kwa makubaliano, na kwamba mwenye mpya alinunua ardhi huku nyumba imesimama na watu wamo ndani wanalipa.

Kuhusu notisi, marekebisho ya sheria za ardhi ya mwaka 2016 yanataka mwenye ardhi ya kibinafsi anayetaka kumwondoa mtu aliyepo bila idhini yake ampe notisi ya maandishi isiyopungua miezi mitatu, na aliyepewa notisi anaweza kwenda mahakamani kuomba nafuu. Mahakama yenyewe ni ya Mazingira na Ardhi, nayo inakaa hapa Mombasa. Usingoje miezi iishe. Chukua bahasha hiyo uipeleke kwa wakili. Kama huna uwezo wa kumlipa, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 iliunda Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria kwa ajili ya watu wa hali hiyo, na Kituo Cha Sheria, shirika lililoanzishwa mwaka 1973, lina ofisi Mombasa na limeshughulika sana na migogoro ya ardhi. Nenda na nakala, asili uziache nyumbani.

Ninafundisha shule ya msingi Changamwe. Nilihudhuria mhadhara wa sheria uliotangazwa kwa Kiswahili, na bango lake lilikuwa zuri kweli, lakini kuanzia dua ya kufungua hadi shukrani za mwisho kila kitu kilikuwa Kiingereza. Wazee waliokaa nyuma waliondoka mmoja mmoja. Je, hakuna sheria inayovilazimisha vyuo kutumia Kiswahili?

Mwalimu, Kifungu cha 7 cha Katiba kinasema Kiswahili ndiyo lugha ya taifa, na kwamba lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza. Zote mbili, kwa hadhi moja. Katiba yenyewe imekwisha kutafsiriwa kwa Kiswahili. Hata hivyo, sijui kifungu chochote kinachomlazimisha mhadhiri kuchagua mojawapo anapozungumza na umma, na ukitazama mahakama zenyewe utaona tatizo lilikoanzia: Sheria ya Mwenendo wa Madai inasema lugha ya Mahakama Kuu na ya Mahakama ya Rufani ni Kiingereza, ilhali mahakama za chini zinaweza kutumia Kiingereza au Kiswahili. Tanzania walibadilisha sheria yao mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, na bado kazi ya kuzitafsiri sheria ni kubwa. Sisi hatujafika hata hapo.

Udhuru ninaousikia kwa wahadhiri ni kwamba mambo ya sheria hayasemeki kwa Kiswahili. Mwenye udhuru huo na akae asubuhi moja katika mahakama ya hakimu, pale Mombasa, amsikilize karani akimfasiria mshtakiwa mashtaka, masharti ya dhamana na haki yake ya kukata rufaa, bila kukwama na bila kutazama kamusi. Akitoka hapo aende Mahakama ya Kadhi, asikilize mirathi ikigawanywa kwa hesabu za thumni na sudusi mbele ya wanandugu wanaobishana kwa Kiswahili tupu. Watu hawa hufanya kila siku kazi ambayo daktari wa falsafa ya sheria anasema haiwezekani. Kwa maoni yangu tatizo ni mazoea tu: mhadhiri amesoma kwa Kiingereza, anafundisha kwa Kiingereza, slaidi zake amezichukua kwenye somo la darasani, na hakuna aliyemwambia mapema kwamba ukumbini kutakuwa na wazee wa Changamwe.

Basi aambiwe mapema. Mwandikie mwandaaji wiki moja kabla na umwulize mhadhara utakuwa kwa lugha gani, na kama utakuwa kwa Kiingereza, omba muhtasari wa ukurasa mmoja kwa Kiswahili ugawiwe mlangoni. Hilo halina gharama ya kutajika. Muda wa maswali ukifika, uliza kwa Kiswahili na utake kujibiwa kwa Kiswahili. Nimeona zaidi ya mara moja swali la kwanza la Kiswahili likigeuza kikao kizima, kwani mzungumzaji mwenyewe huwa ni mtu wa Kaloleni au Kwale ambaye alikuwa akisubiri ruhusa. Tena, wenye ulemavu wa kusikia wana dai lenye nguvu zaidi kuliko lako na langu: Kifungu cha 54 kinawapa haki ya kutumia lugha ya ishara na njia nyingine zinazowafaa, na mwandaaji akipewa taarifa mapema hana kisingizio.

Kwa nini mihadhara mingi huwekwa Ijumaa saa sita mchana? Msomaji, Mji wa Kale.

Kwa sababu ratiba ya vipindi huwa imelegea Ijumaa, na aliyeipanga hakufikiria ni mji gani anaoishi. Nakubaliana nawe kabisa. Saa kumi jioni siku ya Jumatano ingefaa zaidi, na wafanyabiashara wangepata nafasi ya kusali Alasiri kwanza kisha waje.

Jaji mmoja alitoa mhadhara kuhusu uhuru wa mahakama. Nilimwuliza juu ya kesi inayoendelea ambayo kila mtu hapa anaizungumza, akakataa kujibu. Je, jaji anayesifu uhuru wa mahakama anaogopa nini? Kisha tukaambiwa tuweke simu mfukoni kwa sababu ya "kanuni ya Chatham House". Hiyo ni sheria ya nchi gani? Kijana, Tudor.

Mwanangu, jaji yule hakuogopa. Alifanya kile ambacho uhuru aliokuwa akiusifu unamtaka akifanye. Jaji huamua kwa ushahidi uliowekwa mbele yake na pande zote mbili. Akitoa maoni ukumbini juu ya kesi ambayo haijaamuliwa, upande mmoja utamwomba ajiondoe kwa kuwa amekwisha kuonyesha anakoelekea, na hata kama kesi iko mbele ya mwenzake, maneno yake yatamwekea mwenzake uzito begani. Kanuni za maadili za Idara ya Mahakama za mwaka 2020 zinawazuia majaji na mahakimu wasizungumze hadharani mambo yanayoweza kuathiri kesi zinazoendelea. Jambo hili linawafunga maafisa wa mahakama zaidi kuliko linavyokufunga wewe au mhadhiri wa chuo, ingawa wote tuna mpaka wa kutomvuruga shahidi na kutomkashifu mtu.

Hukumu ikishatolewa mlango hufunguka. Ungeweza kumwuliza, kwa mfano, juu ya uamuzi wa Mahakama ya Juu wa tarehe 14 Desemba 2017 katika kesi ya Muruatetu, uliosema kwamba kumlazimisha jaji atoe hukumu ya kifo kwa kila aliyepatikana na hatia ya mauaji, bila kutazama hali ya mtu na ya tukio, ni kinyume cha Katiba. Wafungwa wa makosa mengine yenye adhabu kama hiyo waliukimbilia uamuzi huo, mahakama za chini zikaanza kupishana, na mwaka 2021 Mahakama ya Juu ikarudi kueleza kwamba ilikusudia kosa la mauaji pekee. Hapo pana maswali ya usiku kucha: kwa nini mauaji na si wizi wa mabavu, na ni nani mwenye kazi ya kusawazisha, mahakama au Bunge? Jaji angeweza kulizungumza hilo kwa raha, na mhadhiri wa sheria ya jinai angempinga mbele yako. Hukumu hizo, pamoja na sheria zote za nchi, zinasomwa bure katika tovuti ya Kenya Law. Soma aya chache kabla ya kwenda.

Kanuni ya Chatham House si sheria ya nchi yoyote. Ni makubaliano yaliyobuniwa mwaka 1927 katika taasisi ya mambo ya kimataifa iliyoko London: waliohudhuria wanaruhusiwa kuyatumia yaliyosemwa, lakini hawaruhusiwi kumtaja aliyeyasema wala kikundi anachotoka. Inafaa mikutano ya faragha, ambapo afisa wa serikali au wa kampuni anataka kusema ukweli bila kunukuliwa gazetini kesho yake. Kuitumia katika mhadhara uliotangazwa kwa bango lenye jina la mzungumzaji na picha yake ni kichekesho, maana mji mzima umekwisha kujua nani anazungumza. Kama waandaaji hawataki kurekodiwa, waseme hivyo tu, na tuwatii kwa sababu ukumbi ni wao. Wewe nawe kumbuka kwamba wasikilizaji wenzako wana haki ya faragha chini ya Kifungu cha 31 na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, kwa hivyo video ya mama anayeeleza masaibu yake si ya kurushwa kwenye vikundi vya simu.

Nimemaliza kidato cha nne mwaka jana, ninaishi Bamburi, na nia yangu ni kuwa wakili. Rafiki yangu anasema nikihudhuria mihadhara mingi na kukusanya vyeti vya mahudhurio nitapunguziwa masomo. Ni kweli?

Si kweli hata kidogo. Vyeti hivyo ni kumbukumbu. Njia ni shahada ya sheria ya miaka minne, kisha mafunzo ya uwakili katika Kenya School of Law, pamoja na miezi sita ya kufanya kazi chini ya wakili mwenye uzoefu. Sharti la wastani wa C+ katika mtihani wa kidato cha nne na alama ya B katika Kiingereza au Kiswahili limebishaniwa mahakamani mara kwa mara, hivyo thibitisha katika taasisi yenyewe kabla ya kulipa karo popote. Ukilalamikia urefu wa safari, fahamu kwamba kabla ya Dar es Salaam kufungua kitivo chake cha sheria mwaka 1961, na Nairobi chake mwaka 1970, kijana wa Mombasa aliyeitaka kazi hii alipanda meli kwenda Uingereza au India.

Wewe ninakushauri uache mihadhara mikubwa kwa sasa, uende kutazama mahakama ya mfano. Hupangwa pande mbili za wanafunzi, kesi ni ya kubuni, na hoja zimekwisha kuandikwa na kubadilishana kabla. Mwanafunzi anasimama, anaanza "Mheshimiwa Jaji", na kabla hajamaliza sentensi ya pili jaji, ambaye pengine ni wakili wa mjini aliyejitolea, anamkatiza: kifungu gani, kesi ipi, na ukishinda hapo mwenzako atasema nini? Pembeni kuna mtu ameshika vikaratasi vya kuonyesha dakika zilizobaki, na cha mwisho ni cha kumkalisha. Hapo ndipo utamwona aliyekariri akipotea na aliyeelewa akiinua macho kutoka kwenye karatasi na kujibu. Mashindano ya bara zima ya haki za binadamu, yanayoratibiwa kutoka Pretoria, yamekuwapo tangu mwaka 1992, na vitivo vyetu huyafanyia mazoezi mbele ya watazamaji. Kaa mstari wa mbele, na baada ya kikao umwulize aliyeshindwa, si mshindi, alijitayarishaje. Atakuambia mengi zaidi.

Sisi ni kamati ya wakaazi wa Mtongwe. Nauli ya kwenda na kurudi kwenye mihadhara mjini, pamoja na foleni ya feri, imetushinda. Je, tunaweza kuomba kitivo cha sheria kije kwetu? Na wanafunzi wao wakija, wanaweza kutusimamia mahakamani?

Mnaweza kuomba, na hili ndilo ombi ambalo natamani lingeandikwa na kila mtaa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 inavitambua vyuo vyenye kliniki za sheria, yaani vitengo ambamo wanafunzi husaidia wananchi katika mambo ya sheria, miongoni mwa watoaji wa msaada, na wanafunzi wa kliniki wanahitaji watu wa kuwahudumia kama nyinyi mnavyohitaji huduma. Wanaweza kueleza sheria kwa lugha rahisi, kuwasaidia kupanga nyaraka, kuwaonyesha fomu ipi hujazwa wapi. Kuwasimamia mahakamani hawawezi, kwani Sheria ya Mawakili inamruhusu kusimama kwa niaba ya mwingine yule tu aliyeandikishwa na mwenye leseni ya mwaka huo. Yeyote atakayewaomba ada kwa jina la kliniki, mwandikeni jina na mpige simu chuoni siku hiyo hiyo.

Barua iende kwa mkuu wa kitivo, na nakala kwa msimamizi wa kliniki. Chagueni jambo moja tu, ama mirathi, ama ardhi, ama haki za mfanyakazi anayelipwa kwa siku, maana mkiandika "sheria kwa jumla" mtaletewa hotuba ya jumla. Tajeni ukumbi mlio nao, iwe ni shule, madrasa au uwanja wa chifu, na kama una umeme. Epukeni wiki za mitihani. Ombeni pawepo wakili mmoja mwenye leseni, ambaye ataketi kando na mwenye jambo la siri aende kwake badala ya kulisema kwenye kipaza sauti. Na katika mstari wa kwanza wa barua, kabla ya salamu za kamati, andikeni kwamba kikao kitakuwa kwa Kiswahili.